Bastola Ndani ya Eda

Jumamosi, 2 Mei
Maisara kaninunulia daftari hili lenye jalada la maua. "Write it down, Mama. It helps," kaniambia, kisha kakimbilia basi. Mwanangu huyo Kiswahili anakisikia chote, hata nikimsengenya kwa sauti ya chini, lakini kujibu ni kwa Kiingereza chake cha Birmingham. Haya, tuandike. Mimi ni Thuwaiba, mjane wa Abdulnasir, na leo ni siku ya kumi na tano ya eda. Sitoki nje, sijipaki wanja, sivai dhahabu. Nimebakiwa na jiko, msala na dirisha linalotazama mapipa ya taka ya jirani, hapa Hodge Hill.

Marehemu alikuwa dereva wa basi mpaka alipostaafu. Baada ya hapo Jumamosi zake zote alizipeleka Perry Barr, kwenye klabu ya watoto wakimbiaji. Yeye ndiye aliyekuwa mwanzishaji mbio. Alivaa koti jekundu, akainua bastola ya kelele, "Mistarini! Tayari!", pwaa, watoto hao. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita na akirudi nyumbani amefurahi utadhani kashinda yeye.

Wiki yake ya mwisho alininunia. Hakula, hakusema, na ile Jumamosi hakwenda hata uwanjani. Na mimi sikubali kununiwa bure, nikamnunia vilevile. Akafa siku hiyohiyo ngazini, kikombe cha chai mkononi, hatujapatana. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Jumatano, 6 Mei
Mvua. Nimekaanga sambusa mia mbili za harusi ya watu wa Erdington. Hapana jengine.

Ijumaa, 8 Mei
Yasir kaja. Huyu ni rafiki wa marehemu tangu walipokutana hapa, miaka ishirini na tano, ana kibanda cha mikoba na vifaa sokoni. Siku ya maziko alilia kuliko ndugu wa damu. Kwa kuwa mimi nimo edani, haingii. Anapiga magoti nje na kuzungumza kwa tundu la barua mlangoni. Naona kidevu chake tu na ndevu za hina.

"Shemeji, una haja ya kitu chochote?"
"Sina, shemeji. Mungu akulipe."
"Na lile sanduku lake la uwanjani, lipo?"
"Lipo chini ya kitanda."
"Msilifungue. Ukimaliza eda nitakuja kulichukua, nikupunguzie mzigo."

Mtu mwenye imani, Yasir. Maziko yakipita wengine wote hurudi kwenye mambo yao.

Jumamosi, 9 Mei
Maisara naye yumo kwenye klabu hiyo. Anakaa kwenye meza chini ya turubai, hapo mstari wa kuanzia, anaandika majina ya watoto. Leo karudi nywele zimerowa, analalamika turubai linavuja utosini pake hasa. "It's only over my chair! Nobody else's!" Nimemwambia asogeze kiti. Kasema meza imefungwa na kamba, haisogei. Basi na avae kofia.

Mkubwa wa klabu ni Gurmeet, Kalasinga wa Kisumu, mzee aliyenyooka kama rula. Marehemu alikosana naye mwezi wa Machi kwa jambo la kitoto, nami nililisikia mpaka likanichosha. Bastola ya klabu ni ya fataki kubwa, na fataki zake ghali. Yasir akamletea marehemu ofa: bastola nyengine ya kuanzia mbio, inayotumia risasi bandia ndogo, zile zinazogongwa na bastola ukingoni mwa kitako badala ya katikati, za bei poa, sanduku zima kwa thamani ya fataki chache. Gurmeet akakataa katakata. Kasema ndogo haina moshi, na washika saa mwisho wa uwanja wanatazama moshi. Marehemu akasema watu wakubwa wanachezea pesa za watoto. Akaichukua ile ndogo kwa siri, ajaribu mazoezini, amwoneshe mzee kuwa inatosha.

Gurmeet hakuja kutoa pole. Kaleta kadi kwa posta, yenye picha ya ua. Umbali wa mabasi mawili! Nimeiweka kadi yake nyuma ya birika.

Ijumaa, 15 Mei
Yasir. Maembe matatu kwenye mfuko, na swali lilelile la sanduku.

Ijumaa, 22 Mei
Yasir tena. "Hamjalifungua, eh?" Hatujalifungua, shemeji. Vitu vya maiti kwetu havifunguliwi mpaka arubaini ipite. Kasema vizuri, vizuri, mara mbili.

Jumatano, 27 Mei
Idi. Nimevaa nguo ileile ya jana. Maisara kapika biriani mwenyewe, wali umeshikana, nimekula wote.

Jumapili, 31 Mei
Arubaini imeshapita. Leo nimegawa vitu vyake: kanzu kwa msikiti, viatu kwa jirani, redio nimebaki nayo. Sanduku nimelifungua mwenyewe. Ni la chuma, ufunguo ulikuwa kwenye shada lake la funguo. Ndani mna kibastola cheusi kimezungushiwa taulo, na boksi la risasi lililobaki nusu. Nimelifunika haraka. Kitu hicho hata kama ni cha kelele tu, sikipendi.

Nimewaza, mtu hagawi nguo tu. Kama kitu kilimpa furaha, kipelekwe kikaendelee na kazi, thawabu zimfikie kaburini. Kitakwenda klabuni. Na kitapelekwa na Maisara, kwa sababu sadaka ya mzazi ina uzito zaidi ikipita mkononi mwa mtoto wake. Hata huyo Gurmeet atakubali akipewa na yatima.

Ijumaa, 5 Juni
Nimemwambia Yasir habari ya sadaka. Kidevu kikatulia kwenye tundu la barua.

"Nipe mimi nipeleke, shemeji."
"La, kesho anapeleka Maisara."
"Kwa basi?"
"Kwa basi. Tangu lini tuna gari?"
Vidole vyake vikachezesha kifuniko cha tundu. Kisha akasema, "Haya. Mungu amfikishe salama," akaenda zake. Hakunywa hata maji.

Jumamosi, 6 Juni
Nisipoandika sasa nitapiga kelele.

Maisara kaondoka saa tatu na sanduku ndani ya begi la skuli. Saa tano kasoro simu ikalia. Sauti ya mzee, Kiswahili cha Kisumu.

"Mama Maisara? Ni Gurmeet hapa. Wewe keti chini kwanza."
"Maisara kafanya nini?"
"Yeye hana makosa. Hii kitu umetuma, ulijua ni nini?"
"Bastola ya kuanzia mbio. Sadaka ya marehemu."
"Mama, sikia mimi. Ya mbio imezibwa mbele, hakuna kitu inaweza kutoka. Hii iko na tundu mpaka mwisho. Mtu ameitoboa. Nimeangalia ndani nikaona mwanga. Na hizi risasi zako, nyingi ni za kelele, lakini tano ziko na kichwa ya risasi kabisa. Hii inaua mtu."

Nilikuwa nimeshika mwiko. Nakumbuka nilimjibu, "Basi irudishe," kama mtu anayerudisha kiatu dukani.

"Siwezi kurudisha. Msichana wako amebeba bunduki katikati ya mji. Nikimpa arudi nayo, ashikwe kwa basi, amekwisha. Nikiificha, mimi pia nimekwisha. Nimewaondoa watoto wote, nimepigia polisi. Wanakuja. Nilitaka usikie kwangu kwanza."

Nilimtukana. Ninaandika ukweli: nilimtukana mzee wa watu kwa maneno ambayo sikujua ninayo. Nikamwambia hukuja kumzika mume wangu, sasa unamzika binti yangu. Nyuma yake namsikia Maisara analia, "Tell Mama I'm okay, tell her."

Alasiri polisi wakaja hapa, wanawake wawili na wanaume wanne wenye mavazi mazito. Walivua viatu! Wakafungua kabati, wakainua godoro alilolalia marehemu, wakamwaga unga wangu kwenye sinia na kuuchambua. Mmoja aliniuliza kwa upole kama kuna nyengine. Nyengine! Nilikalia kiti cha jikoni, sikuweza hata kusoma Ayatul Kursiy, nilipotea katikati.

Kwa siku arubaini na tisa nimesali rakaa zangu kando ya kitanda chenye kitu hicho chini yake.

Jumapili, 7 Juni
Maisara karudi leo asubuhi. Wamemhoji, wamemwachia, lakini kesi ipo wazi. Wakili waliompa kamweleza, naye kanieleza huku ananitazama kwa huruma: sheria ya hapa kwa silaha kama ile, kima cha chini ni miaka mitano. Mitano, kwa msichana wa miaka ishirini anayesomea uuguzi, aliyebeba begi kwa sababu mama yake alitaka thawabu.

Kaoga muda mrefu. Nimempikia uji. Hakuniuliza kitu, na hilo limenitisha kuliko kuulizwa.

Alhamisi, 11 Juni
Yasir, si siku yake. Mdomo umekaribia kabisa kwenye tundu la barua.

"Shemeji, watakuuliza alikoipata."
"Na mimi nakuuliza wewe. Umempa nini mume wangu?"
"Wallahi nilidhani ni za kelele. Mtu kaja sokoni na boksi, kasema za kuanzia mbio, zinatumia risasi ndogo za bei rahisi. Nikaona zitamfaa Nasir. Nilimtakia kheri!"
"Ulijua lini?"
Akazunguka, akarudi, akamtaja Mungu mara nyingi. Kisha akasema lile alilokuja kulisema.
"Wewe sema alinunua mwenyewe, njiani, hujui kwa nani. Maiti hafungwi, shemeji. Mimi nina watoto watatu. Na Maisara atapona upesi, kesi itakufa na mwenyewe."

Maiti hafungwi. Nimekaa na maneno hayo mchana kutwa. Mbaya ni kwamba yana akili.

Jumatatu, 15 Juni
Askari wa kike na mkalimani wamekuja nyumbani, kwa kuwa wakili kawaeleza mambo ya eda. Waliuliza alikoipata. Nikasema, "Sijui. Marehemu hakuwa akiniambia mambo yake." Mkalimani kaandika. Limekwisha, sentensi moja.

Yasir ni mtu wa karibu. Mkewe ndiye aliyenishika mikono nilipojifungua. Nimefanya vizuri. Nadhani.

Jumamosi, 20 Juni
Jua. Maisara hatoki chumbani.

Ijumaa, 26 Juni
Yasir kaleta kuku mzima. Nimemshukuru. Sikumpika, nimempa jirani.

Alhamisi, 2 Julai
Barua ya chuo. Maisara asifike wodini mpaka kesi iishe. Kaisoma kasimama, kaikunja nne, kaitia mfukoni, kaosha vyombo vyote hata vilivyokuwa safi. Ile sentensi yangu moja haijaua kesi yoyote. Polisi wameuliza tena kwa wakili: nani aliileta?

Ijumaa, 10 Julai
Joto la kushangaza. Yasir hakuja.

Ijumaa, 17 Julai
Hakuja. Nimejikuta natazama tundu la barua kama paka.

Jumamosi, 25 Julai
Aliyekuja ni Gurmeet. Kilemba cha buluu, shati limepigwa pasi, mvua inamwagika juu yake. Hakupiga magoti. Maisara kafungua mlango nusu, mzee kasimama kizingitini bila kuingia, mimi nyuma ya pazia la ukumbini.

"Mama, nimekuja kutoa pole. Nimechelewa miezi tatu."
"Umechelewa," nikasema.
"Nilifikiri ni mimi. Tuligombana juu ya hiyo mambo ya risasi, halafu moyo yake ikasimama. Nilifikiri nimemuua. Ningeingia hapa na uso gani?"

Mimi nimemnunia kwa ajili ya kadi, kumbe mzee anaamshwa usiku na kilekile kinachoniamsha mimi.

Alileta koti jekundu la marehemu. Wamelikuta stoo, limesukumwa nyuma ya viunzi vya kuruka; kumbe alilirudisha mwenyewe Ijumaa jioni, kesho yake akafa. "Kuna kitabu kidogo kwa mfuko," kasema. "Sikufungua. Kitabu ya mtu ni ya mtu." Akaondoka kabla sijamwambia anywe chai, na safari hii ningemwambia.

Kitabu ni kile cha mbio, anachoandika hali ya hewa na idadi ya watoto. Nanakili kurasa za mwisho kama zilivyo, zisije zikaniponyoka.

"Jumamosi 11 Aprili. Mvua. Watoto 18. Nimejaribu ile ndogo. Miwani nimeisahau nyumbani, nimetia risasi kwa kupapasa. Nimesimama chini ya turubai nisirowe. Mbio ya tatu imeniruka mkononi. Watoto wamekimbia, hakuna aliyejua. Nimetazama juu: turubai lina tundu. Liko juu ya kiti cha Maisara. Shubiri mbili kutoka kichwani pake. Alikuwa anaandika majina, hakuinua hata uso."

"Jumapili 12. Nimempelekea Yasir. Kaiona, kalia, kakataa kuishika. Kaniomba mwezi mmoja, ana watoto. Nimempa siku saba. Asipokwenda polisi, Jumapili ijayo naenda mimi."

"Ijumaa 17. Silali. Nikimtazama Maisara naona tundu. Thuwaiba kaninunia na ana haki. Jumapili nikirudi nitamwambia yote."

Hapana ukurasa mwengine. Alikufa Jumamosi.

Sikulia. Nilikaa chini sakafuni hapo ukumbini na koti mapajani, mdomo wazi, mpaka Maisara akaja kuniinua. Basi hakuninunia. Mtu alikaribia kumuua mwanawe kwa mkono wake, akalibeba peke yake wiki nzima, na mimi nikampa mgongo kitandani.

Na Yasir alijua. Alijua tangu tarehe kumi na mbili. Alijua kila Ijumaa alipopiga magoti na maembe yake. Ile siku nilipomwambia mtoto anapanda basi na sanduku, neno moja tu lingetosha, na kidevu kile kikasema Mungu amfikishe salama.

Jumatatu, 27 Julai
Nimempigia sheikh wa msikiti wetu kuuliza kama mjane anaweza kutoka edani kwenda polisi. Kasema kwa dharura mchana unatoka, ukimaliza unarudi nyumbani kwako. Kisha kauliza, "Ulikaa na jambo hili tangu lini, bibi?" Nikaona haya. Kumbe mlango haujafungwa siku zote hizi. Niliufunga mimi, na ndani nikajifungia na uongo.

Nimetoka saa nne. Siku ya mia moja na moja. Miguu imesahau lami. Maisara kanishika mkono mpaka kituoni, nami nikaeleza upya kutoka mwanzo. Nimesema Yasir ndiye aliyeileta. Nimesema mimi ndiye niliyempa Maisara, naye hakujua. Nimesema tarehe kumi na tano Juni nilidanganya. Na nimesema mume wangu alijua kwa siku saba na akanyamaza. Hilo lilikuwa zito zaidi, mkalimani alinisubiri. Maiti hafungwi, ni kweli, lakini jina lake ndilo lililobaki mkononi mwangu na nimelitoa mwenyewe, kwa mdomo wangu, bila kulipamba.

Nimeacha kitabu mezani pao. Wamenipa risiti.

Jumatano, 29 Julai
Yasir kakamatwa kibandani kwake. Mkewe kapiga simu. Hakutukana, afadhali angetukana. Kasema, "Bi Thuwaiba, tumekula sahani moja," kisha kakata.

Ijumaa, 7 Agosti
Tundu la barua limeleta barua tu.

Jumatano, 19 Agosti
Wakili kapiga simu. Maisara hatashtakiwa. Mimi nimepewa onyo la maandishi kwa ule uongo. Maisara kaishikilia simu sikioni hata baada ya mtu kukata. Kisha kaniuliza, mara ya kwanza tangu Juni, "Did Baba really sit there all that week, knowing?" Nikamjibu ndiyo. Kasema, "Over my chair." Nikamjibu ndiyo. Usiku tumelala chumba kimoja.

Jumatatu, 24 Agosti
Eda imekwisha. Nimekoga, nimevaa rangi. Kwenye kioo nimeona mwanamke wa makamo, kakondeana, ana macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini.

Jumamosi, 29 Agosti
Mbio za mwisho za msimu. Sijawahi kufika uwanjani kwao miaka yote ile, nilikuwa nasema ni mchezo wa watoto. Leo nimepanda mabasi mawili na ndoo ya sambusa.

Mvua, bila shaka. Gurmeet hatumii tena bastola yoyote, kubwa wala ndogo. Ana mbao mbili zilizoungwa na bawaba, anazigonga, paa! Mara ya kwanza niliruka nusura nimwage sambusa. Washika saa wanatazama mbao, na kumbe zinatosha kabisa.

Meza bado imefungwa pale pale chini ya turubai. Maisara anaandika kasimama, ubao wa karatasi mkononi. Kiti chake kitupu. Polisi wamelizungushia tundu duara la wino mweusi, bila hivyo nisingeliona. Kidole cha mwisho hakipiti. Nilisimama nikapima kwa mkono, shubiri moja, shubiri mbili, kutoka duara mpaka pale nilipojua kichwa chake hufika. Kisha nikakaa kwenye kiti.

Maji yakanidondokea utosini.

Maisara kageuka kaniona. Mtoto huyu nimezungumza naye Kiswahili miaka ishirini na akanijibu kwa lugha yake. Uso wote ukamvunjika.

"Mama, usikae hapo," kasema. "Mama, ondoka hapo."

Sikuondoka. Gurmeet akainua mbao zake, watoto wakainama mstarini, nami nikabaki kwenye kiti kile mpaka mbio ya mwisho.